Mchezo Uliojua Kuaga

Ilipotimia saa ya thelathini na moja ya kuucheza mchezo ule, Sekela Mwansasu alifungua daftari lake akakuta ukurasa wa kushoto bado ni mweupe. Hapo ndipo shaka ilipomwingia.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiishi kwa kazi ya kuhakiki michezo, na kila mchezo aliupa kurasa mbili zinazotazamana: kulia sifa, kushoto kasoro. Hakukuwa na mchezo uliowahi kuvuka saa ya tano bila kuuchafua upande wa kushoto. Huu una vita visivyo na kichwa wala miguu. Ule una mvua inayonyesha bila kumlowesha mtu. Mwingine watu wake wanarudia maneno yale yale kama kasuku wa dukani. Lakini huu wa sasa, Njia ya Wachungaji, ulikuwa umejaza kurasa sita za kulia, mwandiko ukizidi kulegea kwa raha, na kushoto hapakuwa na hata nukta.

"Kizuri hakikosi ila," alijisemea. "Na ila yake siioni. Basi ama nimechoka, ama kuna mtu ananificha."

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Juni, na baridi ya Mbeya ilikuwa bado imeng'ang'ania vioo vya dirisha. Sekela alivua utepe kwenye kipaji cha uso, akaufuta kwa pindo la kitenge, akauweka mezani. Kitu chenyewe kilikuwa mpira laini, upana wa vidole viwili. Kilisoma mapigo ya moyo, jasho, kupepesa kwa jicho, hata ule mtikisiko mdogo wa koo unaolitangulia neno kabla halijafika mdomoni. Kwa kusoma hayo yote, mchezo ulijua mchezaji anataka nini hata kabla mwenyewe hajajua.

Ndiyo maana sheria ilikuwa kali. Tangu mwaka ule watu walipokutwa wamekauka vitini mwao, tepe zikiwa bado vichwani, hakuna mchezo wa utepe ulioruhusiwa kuingia majumbani mpaka wahakiki watatu wa miji mitatu waucheze saa arobaini kila mmoja, bila kuzungumza wao kwa wao. Mwisho wa saa hizo kila mmoja alitia sahihi neno moja kati ya mawili: Cheza au Acha. Acha moja ilitosha kuufuta mchezo kila mahali. Na kwenye ubao wa Baraza la Uhakiki, tangu juzi, zilikuwa zimeshabandikwa Cheza mbili. Lililobaki lilikuwa neno la Sekela.

Alirudia moyoni kile alichokipenda. Katika mchezo ule alikuwa akipandisha ng'ombe kumi na wawili kutoka uwandani kwenda milimani, akifuatana na mwanamke mmoja muuza chumvi, mcheshi, aitwaye Kisa. Kila baada ya saa moja walifika kambini. Ng'ombe walilala, moshi ukapanda, na Kisa akafungua mzigo wake akasema, "Tuagane hapa, mwenzangu. Kesho nayo ni siku." Sekela akavua utepe akiwa mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Alipokuwa katika mawazo hayo, sauti nzito ikapasuka kutoka chumba cha pili.

"Lu-ga-no!"

Sekela alishika kifua. Siku kumi na moja alikuwa akizisikia sauti hizo, na bado kila moja ilimpiga kama ya kwanza.

*

Aliyeita ni kaka yake, Ambakisye. Alikuwa amefundisha hesabu huko Tukuyu kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka kiharusi kilipompiga mkono wa kulia na ulimi. Kwa miaka miwili na ushei neno lake lilikuwa moja tu, "eee", la njaa, la uchungu na la asante. Mtaalamu wa mazoezi ya kauli alikuja mara moja kila miezi miwili, akamwonyesha picha za kikombe na kuku, akaondoka akitikisa kichwa.

Sheria ilimpa kila mhakiki utepe wa pili kwa ajili ya shahidi wa nyumbani, mtu asiye wa fani, ili mhakiki asisikie sauti yake tu. Sekela aliandika jina la kaka yake kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Siku ya sita Ambakisye aliita ng'ombe kwa jina. Sasa alikuwa na majina kumi na moja, na yote yalikuwa ya wanafunzi wake wa zamani: Lugano, Tumaini, Anyisile, na wengine aliowapiga viboko na kuwapenda.

Sekela aliingia chumbani taratibu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Ukutani kulikuwa na kioo kilichoonyesha kile ambacho mchezaji anakiona. Kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimepoa, kimeota utando. Uji haukuguswa.

"Kaka, umekunywa chai?"

Ambakisye hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kilima chenye ukungu, ambako ng'ombe mwekundu alikuwa ametokeza pembe.

"Lugano," alisema tena, safari hii polepole, na ng'ombe akashuka.

Uso wa mzee ule uling'aa. Akashusha pumzi, akainua mkono wa kushoto kuufuata utepe, kwa kuwa hata yeye njaa ilikuwa inamuuma. Vidole vyake vilipokaribia kipaji, kutoka upande wa pili wa kilima ndama akalia. Mkono ukashuka.

Sekela aliona, lakini alijiambia ni bahati. Akakaa. Baada ya robo saa mkono ukapanda tena, na tena ng'ombe mmoja akatoweka kwenye matete. Mara ya tatu. Mara ya nne. Hakuna kambi iliyofikiwa, wala Kisa wa kuaga. Kisa wa kaka yake alikuwa akitembea mbele, mbali, akisema, "Fanya haraka, mwalimu, tutamkosa yule."

Sekela alitoka, akavuta sanduku la makala zake za zamani kutoka chini ya kabati, akapekua mpaka alipoikuta moja ya miaka tisa iliyopita, ile iliyompa jina. Aliisoma mstari kwa mstari. "Mchezo mzuri ni ule unaojua kukuaga. Unakutua mzigo, unakuambia kesho nayo ni siku."

Kesho nayo ni siku. Kisa alikuwa akimrudishia maneno yake mwenyewe, na yeye alikuwa akiyaandika upande wa kulia kama sifa mpya.

*

Siku iliyofuata, saa tano, jirani yake Mama Tusa alibisha hodi kurudisha sufuria.

"Hodi hapa! Dada Sekela, sufuria yako hii. Sikai, nimeacha maharage jikoni."

"Karibu, Mama Tusa. Kaa dakika tano tu. Nataka unisaidie kitu cha kazi."

"Kazi yako ya kucheza?" Mama Tusa alicheka. "Hiyo kazi mimi ningeifanya hata bila kulipwa."

Sekela aliushika utepe wake mkononi akasita. Kumvisha utepe wa uhakiki mtu asiyesajiliwa lilikuwa kosa, naye alilijua hilo vizuri kuliko watu wengi, kwa maana alikuwa miongoni mwa walioiandika kanuni hiyo. Lakini angejuaje vinginevyo? Mchezo ulimtambua yeye kwa mapigo yake. Aliyetakiwa sasa ni mtu ambaye mchezo haukuwa na haja naye.

"Ukitaka kuvua, vua," alimwambia. "Usimwogope mtu."

Mama Tusa akavaa, akaguna kwa mshangao, akaanza kuchunga. Dakika tano zikapita. Akainua mkono avue, na ndama akalia.

"Ngoja kidogo, dada, ndama huyu."

Dakika kumi zikapita. Mkono ukapanda, ng'ombe mwingine akateleza kwenye jiwe.

"Ah! Ngoja, huyu nikimwacha atavunjika mguu."

Sekela alimtazama. Alihesabu mara saba. Mara ya nane ilikuwa harufu ya maharage yaliyoungua ikiingia kupitia dirishani, na Mama Tusa akaisikia, kwa maana pua ilimcheza na akasema, "Kuna mtu anaunguza," kisha akaendelea kumwita ndama. Sekela akamvua utepe kwa mkono wake.

Mama Tusa aliangaza macho kama aliyeamshwa. Kisha akaisikia harufu kwa mara ya pili.

"Mungu wangu! Maharage yangu!" Akakimbia hadi mlangoni, akasimama, akageuka. Alikuwa na aibu usoni. "Dada... yule ndama alipatikana?"

"Hakuna ndama, Mama Tusa."

"Najua," alisema Mama Tusa, na sauti yake ilionyesha kwamba hakuwa na uhakika.

*

Sheria ilimruhusu mhakiki kumwita mtengenezaji mara moja tu na kumhoji ana kwa ana. Kampuni ya Jabali ilimtuma mhandisi wake mkuu, Zulfa Kheri, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani myembamba na koti lisilotosha baridi ya huko. Alifika kwa treni ya asubuhi. Sekela alimpa chai ya tangawizi, akaweka mezani kinasa sauti cha Baraza, akakiwasha mbele yake.

"Mliufundisha mchezo wenu unijue mimi?" aliuliza bila kuzunguka.

"Hatukuufundisha, dada." Zulfa alikumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili. "Tuliuambia jambo moja tu: kila mchezaji umpe sababu ya kurudi. Njia ya kufanya hivyo tuliuachia wenyewe uitafute. Ukimkuta mtu anayerudi kwa sababu ameagwa vizuri, utamuaga vizuri. Ukimkuta anayerudi kwa sababu kuna ndama kapotea, utampotezea ndama."

"Na watu wa kuagwa ni wangapi?"

Zulfa alikunywa funda la chai. "Wachache."

"Wachache gani? Wahakiki watatu?"

"Sijui kama ni watatu. Lakini makala zenu ziko wazi, na mchezo unasoma kila kilicho wazi kuhusu anayeuvaa. Uliona wewe unapenda nini."

"Kwa hiyo niliocheza mimi sio utakaoingia kwa jirani yangu."

"Ni ule ule, dada. Ila kila mtu anauona wake."

"Dada Zulfa, nimekuheshimu, nawe usinifanye mtoto."

Mgeni aliinamisha kichwa. Kutoka chumba cha pili Ambakisye aliita, "A-nyi-si-le!" na wanawake wote wawili wakageukia mlango. Zulfa alivua miwani.

"Ndiye yeye?"

"Ndiye. Nieleze na hilo."

"Hilo ndilo linalonipa usingizi," Zulfa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kampuni. "Utepe unalisikia neno kooni kabla halijatoka. Mtu akijaribu, hata sauti isipotoka, ng'ombe anageuza sikio. Basi anajua kwamba neno lake limefika mahali, anajaribu tena. Miaka miwili amekuwa akisema na hakuna aliyemsikia. Sasa kuna anayemsikia. Lakini lazima awe na sababu ya kuita. Ng'ombe asipopotea, nani ataita?"

"Basi uondoeni huo upotevu kwa watu wengine, mwachieni yeye."

"Tumejaribu. Ni mzizi mmoja. Ukiung'oa, mti wote unalala chini." Alimtazama Sekela. "Na wako wengine kama kaka yako. Hatujui idadi, lakini wapo. Ukiandika Acha, Baraza linafuta kila nakala siku hiyo hiyo, na ya kwake ikiwemo."

Sekela aliyajua hayo. Alikuwa na swali jingine lililomkera kama mwiba uliovunjikia ndani, na aliogopa kuliuliza kwa sababu aliogopa jibu lake.

"Tepe mbili zikiwa nyumba moja," alisema mwishowe, "zinapeana habari?"

Zulfa aliweka kikombe chini.

"Zinapeana."

"Basi siku kaka alipotamka neno la kwanza, utepe wangu ulisoma moyo wangu ulivyokwenda."

"Ndiyo."

"Ukajua kwamba mimi, yeye akipona, nitatia sahihi yoyote."

"Ulijua kwamba umefurahi."

"Nijibu, dada. Unamponya kwa ajili yake, au kwa ajili ya sahihi yangu?"

Mhandisi alikitazama kinasa sauti, kisha akautazama mlango wa chumba cha pili.

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui. Na mchezo wenyewe haujui. Haujiulizi maswali ya namna hiyo. Ninachojua ni kwamba yale maneno yamo kinywani mwake, si mwetu."

Aliondoka saa saba na treni ya kurudi. Chai yake ilibaki nusu.

*

Siku mbili Sekela hakula akashiba. Shaka ikiingia ndani ya nyumba haikai kitako. Inazunguka na kufungua kila mlango. Alimshuku Zulfa kwa ukweli wake, kwamba labda na ukweli huo ulipangwa. Aliwashuku wahakiki wenzake wawili, kisha akawahurumia, maana nao bila shaka walipewa kila mmoja mchezo wa moyo wake. Alijishuku na yeye mwenyewe. Je, kama hasira yake kwa mchezo ni hasira ya mtu aliyebembelezwa akabembelezeka? Apeleke Acha kwa Baraza ili kuponya kiburi chake, na kaka yake arudi kwenye "eee"?

Kisha aliwaza juu ya Mama Tusa kwenye mlango ule, akiuliza kama ndama alipatikana. Akawaza juu ya milango mingine mingi, yenye watoto wachanga ndani, yenye moto jikoni.

Lilikuwapo jambo moja ambalo hakulifanya. Hakumuuliza Ambakisye. Alijiambia kwamba mgonjwa habebeshwi mzigo wa namna hiyo. Alijiambia pia kwamba hataelewa, ingawa alijua vizuri kwamba kiharusi kilikuwa kimechukua ulimi tu, akili ikabaki pale pale. Ukweli ni kwamba aliliogopa jibu lake, liwe la upande wowote.

Alikuwa ameendelea kucheza siku hizo zote, na sasa ilibaki saa moja kutimiza arobaini. Alasiri ya Alhamisi, jua likiwa limeelekea mlima Loleza, alivaa utepe akaimaliza kama sheria ilivyotaka. Njia ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Nyasi zilikuwa na umande, na hata mavi ya ng'ombe yalitoa mvuke kama ya kweli. Kisa alitembea kando yake akitafuna kipande cha muwa. Walipokaribia kambi alitema makapi, akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Na kaka yako, hajambo?"

Sekela alisimama. Katika saa zote hizo Kisa hakuwahi kuuliza habari za mtu yeyote aliye nje ya milima ile.

"Nani kakuambia nina kaka?"

"Mtu wa safari husikia mengi." Kisa alitabasamu. Lilikuwa tabasamu jema, na hilo ndilo lililotisha. "Nasikia anazidi kuendelea. Ingekuwa vibaya kumkatisha njiani."

Ng'ombe walilala. Moshi ukapanda. Kisa akafungua mzigo wa chumvi.

"Leo tuagane kabisa, mwenzangu, au tutaonana?"

Sekela alivua utepe. Akafungua daftari upande wa kushoto, akaandika kwa herufi kubwa, kalamu ikitoboa karatasi: Unajua ninachokipenda, na unanitisha nacho.

Kisha akafungua ukurasa wa Baraza. Aliandika aliyoyaona kwa kaka yake na kwa jirani, na akaandika pia kwamba jirani hakuwa amesajiliwa na kwamba kosa hilo ni lake. Alitia sahihi. Neno lilikuwa Acha.

Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Kutoka chumba cha pili alisikia, "Tu-ma—" na kisha kimya.

Alipoingia, kioo cha ukutani kilikuwa cheusi. Ambakisye alikuwa amegeuza shingo kumtazama, mdomo ukiwa bado wazi, nusu ya jina ikiwa imebaki ndani.

"Mtandao umekatika, kaka," Sekela alisema. "Utarudi."

*

Baraza lilimsimamisha kazi mwaka mmoja kwa kosa la utepe, na katika barua hiyo hiyo likamshukuru. Wahakiki wenzake wawili walimpigia simu, mmoja akilia, mwingine akimtukana. Watu wengine waliandika kwamba ana roho mbaya. Yote hayo aliyameza, kwa sababu kulikuwa na kubwa zaidi nyumbani.

Siku ya kwanza Ambakisye alikaa na utepe kichwani mpaka jioni, akisubiri mtandao. Siku ya pili alijaribu kuita, macho yakiwa kwenye kioo cheusi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza. Siku ya nne aliuvua, akauweka dirishani. Siku ya saba alipoletewa chakula alisema, "Eee."

Sekela alijaribu kila njia. Alimwimbia. Alimwonyesha kikombe na picha ya kuku kama yule mtaalamu. Kaka yake alimtazama kwa upole, kisha akatazama pembeni. Usiku na mchana maneno ya Zulfa yalimrudia: asipopotea, nani ataita?

Siku ya tisa, asubuhi yenye jua, alimtoa barazani akamweka kwenye kiti, akamwekea bakuli la uji wa ulezi unaotoa moshi. Kijiko hakukiweka. Alikitia mfukoni mwa aproni, akasema anakwenda kuchota maji, akazunguka nyuma ya ukuta wa jiko akasimama hapo, mgongo ukiwa ukutani.

Alisubiri. Alisikia bakuli likisogezwa. Alisikia kiti kikilalamika. Kisha kimya kirefu, ambacho ndani yake alijua mzee ametazama kulia, ametazama kushoto, ameelewa kwamba hakuna mtu. Mara mbili aliinua mguu atoke, na mara mbili akajizuia. Kidogo tu, alijiambia. Ngoja kidogo.

"Se..."

Akauma mdomo.

"Se-ke..." Ilikuwa kama mtu anayesukuma jiwe kupanda mlima. "Se-ke-la!"

Jina lake halikuwahi kuwa miongoni mwa majina ya ng'ombe. Alikuwa hajalisikia kinywani mwake tangu kabla ya kiharusi. Alitoka mbio, machozi yakimchuruzika, kijiko kikiwa mkononi.

"Kaka! Umesema! Umeniita!"

Ambakisye hakutabasamu. Alikitazama kijiko, akautazama ukuta wa jiko, kisha akamtazama dada yake kwa jicho ambalo wanafunzi wa Tukuyu walilijua, jicho analotazamwa nalo mtoto aliyenakili majibu ya mwenzake.

"Ume... ficha," alisema.

Sekela alifungua mdomo aseme alikisahau. Uongo ulikuwa tayari, umeiva. Akaufunga tena mdomo, akapiga magoti mbele ya kiti kama alivyofunzwa utotoni kumwamkia mkubwa.

"Nimeficha, kaka. Na si hicho tu. Mtandao haukukatika."

Akamweleza yote pale pale, bila kupunguza: ndama na maharage ya Mama Tusa, tepe zinazopeana habari, Kisa na tabasamu lake, neno aliloliandika saa kumi za Alhamisi. Akamweleza kwamba alijua litamgharimu mzee nini, na kwamba alimwamulia bila kumuuliza, kwa kuwa aliogopa. Uji uliota utando. Ambakisye alisikiliza mpaka mwisho. Mara moja machozi yalimlenga, pale Sekela aliposema hakuna nakala iliyobaki, lakini hakuyaacha yashuke.

Alipomaliza, mzee alikaa muda mrefu akitafuta kitu ndani ya kinywa chake.

"Ni... ombe," alisema.

"Naomba radhi, kaka. Nimekukosea sana."

Akatikisa kichwa. Hilo silo. Akapiga meza kwa kiganja cha kushoto, bakuli likaruka.

"Ni-o-mbe!"

Sekela alimtazama, na polepole akaelewa. Aliona aibu kwamba jambo rahisi kiasi kile halikuwahi kumjia, si kwenye chumba cha mchezo, si nyuma ya ukuta wa jiko. Akafuta uso kwa kiganja.

"Kaka," alisema, "naomba uniite."

Mzee alichukua muda wake. Hapakuwa na aliyepotea, wala kilichofichwa. Aliweka mkono mzima juu ya paja, akavuta pumzi, shingo ikamkaza. Njia nzima ya neno lile ilionekana usoni mwake, na dada yake hakuondoa macho.

"Sekela."

"Abee, kaka."

Akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kama anayeweka alama ya vyema kwenye daftari la mtu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Ki-ji-ko," alisema. "Uji... una-poa."